Rangi ya Mlango wa Nyumbani

NDUGU msomaji, huenda ukanicheka nikikuambia kwamba nilianza kujifunza kuchora nikiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, na deni la chama cha akiba na mikopo likiwa halijaisha. Cheka tu, kwani mke wangu alinicheka kabla yako. Siku nilipoingia nyumbani na kifurushi cha rangi za mafuta kilichokula fedha ya viatu vyangu, aliketi akaniuliza kama sasa nimeamua kuwa fundi wa kuandika mabango. Nilimjibu kwamba la, ninataka kuichora nyumba yetu ya Kingerikiti. Akasema, "Nyumba ile ipo. Ukiitaka, panda basi ukaione." Maneno yale yalikuwa na ukweli mwingi kuliko tulivyodhani sisi sote wawili.

Chanzo cha yote kilikuwa aibu ya kazini. Nilitumwa kuandika habari za maonyesho ya picha jijini Dar es Salaam, nikarudi na kurasa nne zilizojaa. Mhariri wangu alizisoma, akanirudishia zikiwa zimeandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu: "Nimemwona mgeni rasmi, nimeuona utepe ukikatwa, hotuba nimeisikia. Picha ziko wapi?" Chuoni, nilikopata stashahada yangu ya uandishi wa habari, tulifundishwa kuuliza nani, nini, wapi, lini, kwa nini na vipi. Sikumbuki kama tulifundishwa kutazama. Nilikuwa nimepita mbele ya picha arobaini na kitu, na sikuweza kukueleza hata moja ilikuwa na rangi gani.

Basi nikamtafuta mzee mmoja aliyestaafu ualimu wa sanaa, ambaye Jumamosi hufundisha vijana wachache chini ya mwarobaini, uani kwake, huko Temeke. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Hakunipa brashi. Aliweka kikombe cheupe juu ya kitambaa cheupe, akaniuliza ninaona rangi ngapi. Nikasema, "Moja, mzee wangu." Akasema, "Basi keti hapo mpaka uone tano," naye akaenda zake kunywa chai. Ndugu msomaji, niliketi karibu saa nzima nikiona haya mbele ya vijana wadogo. Kisha, polepole, nikaanza kuona. Upande wa jua ulikuwa na umanjano. Upande wa kivuli ulikuwa na samawati hafifu, iliyotoka mbinguni. Chini, kikombe kilipogusa kitambaa, palikuwa na wekundu mdogo uliorushwa na ndoo ya plastiki iliyosimama jirani. Nyeupe yenyewe, nyeupe tupu, sikuiona mahali popote.

Aliporudi alinipa amri yake ya kwanza, nayo haikubadilika muda wote aliponifundisha: nisinunue rangi nyeusi.

Amri hiyo hakuitunga yeye. Aliipokea, kama walivyoipokea wachoraji wengi duniani, kutoka kwa kundi la wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 ambao wenzao waliwafanyia mzaha. Mwaka 1874 walifanya maonyesho yao wenyewe mjini Paris, katika jengo lililokuwa studio ya mpiga picha maarufu Nadar, kwa kuwa wakubwa wa sanaa wa siku zile walikuwa wakizikataa kazi zao mara kwa mara. Miongoni mwao walikuwamo Claude Monet, Auguste Renoir, Camille Pissarro, Alfred Sisley, na mwanamke mmoja hodari sana, Berthe Morisot. Monet alipeleka picha ya bandari wakati wa mapambazuko, akaiita kwa Kifaransa "Impression, soleil levant", yaani lile wazo la kwanza ambalo jua likichomoza hulitia machoni mwa mtu. Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, akalidaka neno hilo akawadhihaki kundi zima kwa kuwaita Waimpreshonisti, akimaanisha watu wanaoacha kazi kabla haijaisha. Jina la matusi likawa jina la heshima. (Ninalikumbuka jambo hili kila ninapotaka kuandika kwa dharau habari za kitu nisichokielewa. Sisi waandishi tuna madeni ya namna hiyo.)

Walichokifanya watu wale, kwa ufupi, ni kutoka nje. Kabla yao, picha kubwa ilimalizwa ndani ya chumba. Rangi za mafuta zilikuwa taabu kubeba, kwani zilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe vilivyofungwa uzi, ambavyo hupasuka na kukauka. Mwaka 1841 mchoraji wa Kimarekani, John Goffe Rand, alipata hataza ya mrija wa bati laini unaokamuliwa, ule ule ambao leo tunaujua kwa dawa ya meno. Kwa mrija huo, mtu aliweza kutia rangi zake katika sanduku na kwenda kuketi bustanini siku nzima. Huko nje waligundua kwamba kitu hakina rangi moja. Nyasi za saa moja asubuhi si nyasi za saa sita mchana. Mwaka 1890 na 1891 Monet alichora marundo ya mavuno shambani tena na tena, asubuhi, jioni na wakati wa theluji, akibadili turubai kila mwanga ulipobadilika. Nyumba yake ya kijijini Giverny, aliyoipanga mwaka 1883 na kuinunua mwaka 1890, aliizungushia maua, akachimba bwawa la mayungiyungi, kisha akayachora hayo mpaka alipofariki mwaka 1926. Nyumba na bustani tu. Nilimwambia mzee wangu kwamba hata mimi nina nyumba na bustani. Akaniuliza, "Ya kwako ina rangi gani?" Nikajibu upesi, "Kuta nyekundu, bati kijivu, mlango wa buluu." Akacheka.

Hapa nikueleze kidogo vifaa, maana huenda ukawa na kijana nyumbani mwenye hamu hii. Turubai la dukani ni ghali. Sisi tulitumia marikani nzito, tukaikaza kwa misumari midogo juu ya fremu ya mbao, tukaipaka gundi, kisha rangi nyeupe ya maji mara mbili, tukiisugua kwa msasa katikati. Bila ngozi hiyo mafuta hupenya katika uzi na nguo huoza. Rangi nilinunua sita tu: nyeupe, njano, nyekundu mbili, buluu na kijani. Huanzwa kwa rangi nyembamba iliyopunguzwa kwa tapentaini, na tabaka za juu ndizo huongezwa mafuta ya kitani. Ukigeuza utaratibu huo, juu hukauka kabla ya chini na picha hupasuka kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi. Mafuta ya kitani hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Huvuta hewa yakagandamana, na kazi hiyo huchukua siku nyingi, hata majuma. Kwa sababu hiyo hiyo vitambaa vilivyofutiwa mafuta hayo, vikikunjwa na kutupwa pembeni, vyaweza kupata joto vyenyewe mpaka kuwaka moto. Vianike. Tapentaini nayo iwe mbali na watoto, na dirisha liwe wazi.

Utasema, mbona vijana wetu wa Tingatinga hawahangaiki hivyo? Ni kweli. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, katika mkoa wetu huu huu wa Ruvuma, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, na jina lake likabaki kuwa jina la fani nzima. Rangi ile hukauka upesi, hung'aa, na kila moja hukaa mahali pake imetengana na jirani yake. Chui ni wa njano, madoa ni meusi, biashara imekwisha. Rangi ya mafuta ya mrija hubaki mbichi siku nzima, ikichanganyikana na jirani yake juu ya nguo, nawe waweza kuikwangua ukatubu. Ni njia mbili tofauti, na mimi siwezi kusema ipi ni bora. Nasema tu kwamba kwa chui mmoja na kwa kivuli cha mgomba juu ya ukuta, mahitaji si yale yale.

Picha yangu ya kwanza ya Kingerikiti niliichora Temeke, kwa kumbukumbu. Nilijipa moyo kwa mfano wa Sam Joseph Ntiro, Mchagga wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, akasoma Makerere na baadaye katika shule ya sanaa ya Slade, London, na ambaye baada ya Uhuru alikuwa Balozi wetu Uingereza. Huyu alichora kwa rangi za mafuta maisha ya kijijini kwao, kilimo, mavuno na harusi, hata alipokuwa akiishi na kufundisha mbali na Kilimanjaro. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Nikajiambia, kama Ntiro aliweza kumbeba Mchagga moyoni mpaka Kampala, mimi nitashindwaje kuibeba nyumba ya baba yangu?

Nilishindwa. Nyumba niliyoichora ilikuwa na mlango katikati na madirisha mawili, moja kila upande, kama nyumba za vitabu vya darasa la kwanza. Mzee aliitazama akauliza kama baba yangu alikuwa mtoto wa miaka saba alipoijenga. Mwezi Julai nikaomba likizo, nikaifunga picha ile katika boksi ili nikailinganishe na nyumba yenyewe, nikapanda basi. Njia unaijua: Makambako, Njombe, Songea, kisha Mbinga. Picha haikuwa imekauka sawasawa, na mtoto wa abiria mwenzangu aliyeingiza mkono kutafuta biskuti aliacha alama ya kiganja katikati ya mbingu. Alama hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika picha ile.

Kingerikiti, kwa msomaji asiyeifahamu, ipo katika nchi ya vilima ambayo zamani ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga na sasa ni ya Wilaya ya Nyasa, ile inayoteremka mpaka ziwani kwenye Mbamba Bay. Ni nchi ya mibuni, migomba na mahindi, na udongo wake ni mwekundu. Julai ni baridi. Asubuhi ukungu hulala mabondeni mpaka jua lipate nguvu, na watu huvaa makoti ambayo mtu wa Dar es Salaam angeyaogopa. Ni majira ya kuchuma kahawa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunishangaa isipokuwa watoto, nao walinishangaa kwa niaba ya kijiji kizima.

Niliteremsha mizigo, nikasimama mbele ya nyumba na picha yangu mkononi. Mlango hauko katikati. Uko kushoto, karibu na pembe, kwa kuwa baba alianza na vyumba viwili na baadaye akaongeza cha tatu upande wa kulia mtoto wa nne alipozaliwa. Dirisha moja ni kubwa kuliko jingine. Mparachichi niliouweka nyuma ya nyumba uko mbele, na ndio unaotia kivuli chote cha asubuhi. Nililelewa katika nyumba ile miaka kumi na minane, ndugu msomaji, na nilikuwa sijaiona.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi nilisimamisha fremu ya miguu mitatu, nikaanza. Nyumba inaelekea mashariki. Kwa saa moja na nusu mwanga ulikuwa mmoja; baada ya hapo kivuli cha mparachichi kilikuwa kimehama, nami nikalazimika kuacha mpaka kesho. Alasiri nilikuwa na turubai la pili, wakati nyumba yote ipo kivulini na jua linawaka nyuma ya bati. Nilijaribu kufuata mafundisho: nisichore majani, nichore alama za mwanga, nisilambe rangi na brashi mpaka ikafa, niweke doa na kuliacha. Matofali ya kuchoma yaliyokuwa "mekundu" katika jibu langu la Temeke yalikuwa ya machungwa juani na ya zambarau kivulini. Bati halikuwa kijivu hata siku moja; lilikuwa rangi yoyote iliyokuwa mbinguni, na kutu yake iliwaka kama kaa. Alizeti mwitu za uani ziliupaka ukuta umanjano mpaka chini ya dirisha.

Kilichonishangaza zaidi ni mibuni. Kila nilipoongeza kijani chake, ukuta ulizidi kuwa mwekundu bila mimi kuugusa. Mzee alikwisha kunieleza jambo hili, nami sikumwelewa. Mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alikuwa msimamizi wa kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Watu walilalamika kwamba uzi mweusi wa kiwanda ni hafifu. Alipoupima akaona uzi hauna kosa. Kosa lilikuwa la rangi zilizowekwa jirani yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kueleza kwamba rangi mbili zikikaa pamoja, kila moja huibadili nyingine machoni mwa mtazamaji: nyekundu huikoleza kijani, buluu huikoleza rangi ya machungwa, njano huikoleza zambarau. Wanawake wetu wanaochagua kanga dukani wanalijua jambo hili bila kitabu. Wataishika kanga, waiweke juu ya blauzi waliyoivaa, kisha waseme, "Hii hapana, inaiua."

Hapo ndipo nilipofika kwenye mlango.

Mlango ule baba aliupaka rangi ya buluu mwaka mmoja kabla hajafariki. Alikwenda mwenyewe Mbinga mjini kununua kopo. Kwa miaka mitatu hivi mama alikuwa akitulalamikia kwa simu kwamba rangi ile ilikuwa mbovu, imepauka, mlango umekuwa kama majivu, na kwamba baba yetu, Mungu amrehemu, alipenda sana vitu vya bei rahisi. Nasi tulikuwa tukijibu, "Tutaleta rangi, Mama." Mimi nilikuwa nimeusadiki upaukaji huo, kiasi kwamba katika picha ya kumbukumbu nilikuwa nimeupaka mlango rangi ya majivu. Sasa nikiutazama nikaona ni wa buluu. Umechubuka chini, kuku walipopiga kucha, lakini ni wa buluu. Na katikati ya ukuta wa machungwa buluu ile ilikuwa ikiimba.

Mama alikuja kutazama kazi siku ya nne, akitoka kuchuma. Alisogea mpaka pua ikakaribia rangi mbichi. Akasema, "Nyumba nimeijua. Lakini mlango umekosea, baba. Huo umepauka." Nikamwambia, "Mama, ni wa buluu. Hebu utazame." Akautazama mlango wenyewe kwa umbali wa hatua sita, akanitazama mimi kama anavyotazamwa mtoto mbishi, akasema, "Tangu lini nisijue mlango wangu?"

Nilikasirika, ndugu msomaji. Sioni faida ya kukuficha. Niliona anakataa kwa kuwa amezoea kumlaumu marehemu, nami nilikuwa nimejivunia jicho langu jipya. Nilisema maneno ambayo mtoto hapaswi kumwambia mama yake, kwamba baadhi ya watu hawataki kuona. Hakunijibu. Alikwenda kuketi mkekani kuchambua kahawa.

Nilibaki nimesimama na brashi, nikiona haya kurudi kazini, na kwa sababu ya haya hizo nikamtazama. Alikuwa akiichukua buni moja moja kati ya vidole, akiibonyeza kwanza kabla ya kuitupa upande huu au ule. Nikakumbuka kwamba hata shambani, siku zote nne, alikuwa akizibonyeza hivyo kabla ya kuzichuma, nami nikadhani ni uangalifu wa mkulima mzoefu. Buni iliyoiva hulainika, mbichi huwa ngumu. Lakini nani hubonyeza, iwapo aweza kuona nyekundu na kijani? Nikakumbuka kwamba jioni hugeuza kiti chake kulipa jua kisogo, akisema linamchoma. Nikakumbuka kitenge chake cha Jumapili, ambacho ni cha buluu iliyokolea, na ambacho juzi yake aliniagiza nikimletee kwa kusema, "Kile cheusi."

Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nikamwomba anitazame usoni. Mboni ya jicho la kulia ilikuwa na weupe mchafu, kama maji ya mchele. La kushoto lilikuwa limeanza.

"Ni uzee," alisema. "Usimwambie dada yako, atanihamishia mjini."

Nikamsimulia, maana sikujua la kufanya jingine, habari za Monet. Huyo bwana wa nyumba na bustani naye alipatwa na mtoto wa jicho. Madaktari walimwambia mwaka 1912, naye akaogopa kisu kwa zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo picha zake za bustani ziligeuka kuwa nyekundu na hudhurungi, kama zilizochorwa ndani ya moto, kwa sababu lenzi ya jicho lenye ugonjwa ule hugeuka rangi ya chai, na kitu cha kwanza kinachozuiwa na chai ni buluu. Mwaka 1923 alikubali kupasuliwa jicho la kulia. Siku zile hakukuwa na lenzi ya kuweka badala ya ile iliyotolewa. Alivaa miwani minene na kulalamika kwamba dunia imezidi buluu. Siku hizi lenzi ya plastiki hupachikwa ndani ya jicho, na mgonjwa mara nyingi hurudi kwake siku ile ile au kesho yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na huyo mzee alipona?" Nikasema alipona, akarudi kuchora. Akasema, "Basi umalize kwanza kuchuma kahawa ya kule juu, maana nikienda hospitali nani atachuma?"

Kwa hiyo nusu ya pili ya likizo yangu haikuwa ya kuchora. Nilichuma, vibaya, nikiharibu matawi, na dada yangu alipofika akachuma vizuri. Turubai la alasiri halikumalizika mpaka leo. La asubuhi nililitundika chumbani kwa baba, ambako hakuna vumbi la uani, nikalifunika kwa khanga iliyoshikizwa mbali na rangi kwa vijiti.

Hospitali sitaisimulia sana. Tulisubiri katika benchi refu pamoja na wazee wengi walioletwa na watoto wao, kila mmoja ameshikwa mkono, na nusu yao, kama nilivyowasikia wakiongea, walikuwa wameambiwa na majirani kwamba hakuna dawa ya uzee. Mtoto wa jicho ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za upofu duniani, nao ni upofu unaoondolewa kwa upasuaji usiochukua hata saa moja. Mama alipasuliwa jicho la kulia. Kesho yake daktari alipofungua bandeji, mama alimtazama muuguzi, akatazama dirisha, kisha akatazama kitenge alichokuwa amejifunga. Alikigeuza upindo akakishika karibu na uso. Hakusema kitu, na mimi nilitoka nje kidogo.

Tulirudi Kingerikiti jioni ya siku ya tatu, yeye akiwa na miwani myeusi ya kukinga jua. Watoto walimpokea mizigo. Alipofika uani alisimama chini ya mparachichi, akaivua miwani ingawa alikatazwa, akautazama mlango. Sisi tulikuwa nyuma yake, tumeshika vikapu, hakuna aliyethubutu kumpita. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema taratibu, si kwetu:

"Kumbe hakununua rangi mbaya."

Aliingia ndani, akaketi kitandani mwa baba, akataka aletewe picha. Safari hii hakuisogelea; aliniambia niishike mbali, karibu na dirisha, na hiyo ndiyo njia ya kuzitazama picha za namna hii, ingawa mimi sikuwa nimemwambia. Madoa yakawa nyumba. Alinyosha kidole akahesabu: dirisha kubwa, dirisha dogo, alizeti, mibuni ya mbele. Mlango aliupita bila neno. Kidole chake kikasimama upande wa kulia, mahali nilipoacha nguo nyeupe tupu kwa kuchoka.

"Banda la kuku umeliweka wapi?"

Nikamwambia nililisahau. Akasema picha haiondoki kwenda Dar es Salaam bila banda la kuku, na kwa kweli haijaondoka. Nimebakiwa na rangi nyeupe nusu mrija na njano kidogo, buluu imekwisha. Nimejiwekea fedha ya mrija mmoja, na jicho la kushoto limepangiwa mwezi Desemba, kwa hiyo nitakuwa huko.